Tabaka: Jiwe Lilisafiri, Jina Likabaki

Kisii hakuna tembo. Hakuna twiga, hakuna kifaru, na simba husikika kwenye ngano tu. Vilima vya Kisii na Nyamira vimelimwa kutoka bondeni hadi kileleni: migomba, chai, miwa, mahindi, na mikaratusi iliyopandwa kila pembe isiyofaa kwa kitu kingine. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, udongo hauna ubahili, na watu wamejaa. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, likagawanywa tena kwa wajukuu, na mnyama mkubwa kuliko wote utakayekutana naye njiani ni ng'ombe wa maziwa anayelishwa akiwa amefungwa kamba.

Hata hivyo tembo wa Kisii wamejaa duniani. Wamo kwenye kabati za vitabu London, kwenye madirisha ya nyumba za Toronto, kwenye maduka ya uwanja wa ndege wa Nairobi na vibanda vya Mombasa. Pamoja nao wamo viboko, vifaru, kobe, ndege na samaki, wote wa mawe, wote laini mkononi kama kitu kilichokaa mtoni miaka mingi. Karibu wote asili yao ni moja: Tabaka, katika Mugirango Kusini, sehemu ya vilima iliyo kusini-magharibi ya mji wa Kisii ukiacha barabara kuu ya kwenda Migori. Aliyewanunua anajua wametoka Kenya. Huenda anajua hata kwamba jiwe ni la Kisii. Ukimuuliza ni nani aliyechonga, atakutazama tu.

Hilo ndilo linalonivuta katika historia ya Tabaka. Eneo dogo la wakulima lilijenga mojawapo ya vituo vikubwa vya uchongaji wa mawe Afrika, likachonga wanyama ambao wengi wao halikuwa nao tena, na likafanya hivyo kwa vizazi kadhaa huku majina ya wachongaji yakibaki nyumbani.

Jiwe lenyewe linastahili kutajwa kwanza, maana ndilo lililoamua mengi. Huitwa jiwe la Kisii au jiwe la sabuni. Lina rangi nyingi: jeupe kama chokaa, la maziwa, la waridi, la kijivu, la kahawia, jekundu lenye mishipa, na jeusi ambalo hupatikana kwa shida na huuzwa ghali. Likitoka ardhini huwa na unyevu, na wakati huo hukatika kwa panga la kawaida. Likikauka hukaza. Mchongaji anayejua kazi yake huchagua donge, huligonga kwa mpini wa kisu na kusikiliza. Sauti kavu, iliyo safi, maana yake jiwe ni zima. Sauti iliyofifia maana yake ndani mna ufa, na kiboko atakayechongwa humo atagawanyika mara mbili siku ya kupakiwa.

Abagusii, wenyeji wa vilima hivi, walilijua jiwe hili kabla ya mtalii yeyote kufika. Walichonga viko vya tumbaku, vyombo vya ugoro na mabakuli. Walisaga mabaki yake wakapata unga mweupe wa kujipaka katika sherehe na kurembea kuta za nyumba. Kazi hizo zilikuwa za nyumbani. Aliyetaka kiko alimwendea jirani aliyejua kuchonga, na jirani huyo alikuwa mkulima kama wengine, mwenye ng'ombe na wimbi lake. Hakuhitaji kutia jina kwenye kiko kwa kuwa kila mtu kijijini alijua kiko cha nani kimetoka mkono upi. Ustadi ulirithiwa ndani ya familia. Mtoto alikaa kando ya baba, akaokota vipande, akakwaruza.

Wanyama nao walikuwepo, lakini mahali pengine: katika koo. Abagirango, ambao Tabaka imo katika nchi yao, walijitambulisha kwa chui, engo kwa Ekegusii. Majirani zao Abanchari walikuwa watu wa kiboko, engubo. Mnyama wa ukoo aliapiwa, aliheshimiwa na alitajwa katika sifa za watu. Kiboko hakuwa mbali na maisha ya hapa. Mto Kuja, ambao hapa huitwa Gucha, unapita katika nchi hii ukielekea Ziwa Victoria, na huko ziwani viboko wako hadi leo. Siwezi kudai kwamba kiboko anayeuzwa kwa watalii ametoka moja kwa moja kwenye kiapo cha Abanchari. Soko lina sababu zake. Lakini mtu anayesema kwamba Mkisii alifundishwa wanyama na watalii hajaisoma historia ya Abagusii.

Kisha wakaja Waingereza, nao hawakuja kwa upole. Walituma majeshi ya adhabu mwaka 1905 na tena 1908, mwaka ambao kijana Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa wilaya, Northcote, akihimizwa na mtabiri Moraa. Northcote alipona, nyumba na mifugo ya Abagusii havikupona. Wamisionari wa Kikatoliki walifungua kituo Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafuata Nyanchwa. Mnamo Septemba 1914 Wajerumani kutoka Tanganyika waliuteka mji wa Kisii kwa muda mfupi sana na mapigano yakafanyika hapo. Baada ya moshi huo kupungua, ofisa, padri, mwalimu na mfanyabiashara wa Kihindi wote walikuwa wamepata anwani Kisii, na kila mmoja wao alitaka kitu cha kupeleka kwao. Kiko cha jirani kikawa kumbukumbu ya safari. Mnunuzi mpya hakuvuta tumbaku ya Kisii wala hakuhitaji bakuli. Alitaka kitu kidogo, kizuri, kinachoingia kwenye sanduku, kinachosema "Afrika" kikiwekwa mezani.

Hapa ndipo historia ya Tabaka inapotofautiana na ya majirani. Wakamba wa Wamunyu humtaja mwanzilishi wao kwa jina: Mutisya Munge, aliyetumika Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza uchongaji wa kibiashara kwa Wazaramo, akarudi nyumbani akaanza kuchonga na kufundisha. Kutoka kwake ukatoka mtandao mkubwa wa wachongaji wa mbao, wenye vyama vya ushirika na karakana kubwa kule Changamwe, Mombasa. Tanzania nayo ina Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya ubao kwa rangi ya baiskeli. Polisi walimpiga risasi kimakosa mwaka 1972, naye alikuwa amechora kwa miaka michache tu. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na mamia ya wachoraji huuza chui na ndege wenye madoadoa kwa jina la marehemu.

Tabaka haina Mutisya wala Tingatinga. Ufundi haukuletwa na mtu mmoja kutoka safarini. Ulikuwa umo majumbani tayari. Kwa hiyo soko lilipofunguka, lilipokea kazi ya kijiji kizima kwa pamoja na kuipa jina la mahali. Ni heshima, na ni hasara pia.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 na ndege kubwa za abiria zikaanza kuteremsha wageni kwa mamia, Kenya iliuza wanyama wake. Mabango yote yalikuwa na simba, twiga na tembo. Mgeni aliyerudi kutoka Maasai Mara alitaka kumchukua mnyama aliyemwona, na Tabaka ikamtengenezea. Wachongaji wengi hawakuwa wamewahi kumwona tembo. Mara haiko mbali kwa ramani, na hifadhi ya Ruma, iliyotengwa mwaka 1966 katika Bonde la Lambwe, iko karibu zaidi. Lakini mkulima wa Mugirango Kusini hakuwa na gari wala ada ya kiingilio. Tembo wao alitoka kwenye kalenda, kwenye kitabu cha shule, na zaidi kwenye tembo wa jirani. Aliyekuwa na jicho zuri alirekebisha sikio, wengine wakamwiga. Siku hizi mwanafunzi wa uchongaji hana haja hata ya kalenda: sarafu zilizotolewa na Benki Kuu mwishoni mwa 2018 zina twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi na tembo kwenye ishirini. Akiwa na nauli mfukoni ana vielelezo vinne.

Walakini jiwe halikukubali kila mnyama. Mbao ina nyuzi, na nyuzi hushikilia mguu mwembamba au pembe ndefu. Jiwe la Kisii halina nyuzi. Mguu wa swala ukichongwa peke yake utavunjika hata kabla ya msasa. Ndiyo maana swala na twiga warefu utawapata zaidi kwa Wakamba, na Tabaka ikabobea katika wanyama waliojikunja: kiboko, ambaye kwa maumbile ni pipa lenye masikio, kobe, kifaru mnene, tembo ambaye mkonga wake umelazwa kifuani, ndege aliyefunga mabawa. Hata binadamu wa Tabaka hukumbatiana. Mama na mtoto, mume na mke, familia nzima wameungana mabega na vichwa hadi huwezi kujua mkono wa nani unaanzia wapi. Wageni huliona hilo kama falsafa ya umoja wa Kiafrika, na huenda imo. Mchongaji atakuambia kwanza kwamba mkono ulioachana na mwili haufiki Mombasa.

Tazama kiboko mmoja anavyozaliwa. Mchongaji huketi chini ya paa la mabati au kivuli cha mgomba, kwenye gunia, magamba ya mawe yakiwa yamemzunguka hadi vifundoni. Donge analiweka juu ya kipande cha gogo. Kwa panga au shoka dogo anaondoa pembe, pigo fupi fupi, akiligeuza donge baada ya kila pigo, na kwa muda usiotosha kuchemsha chai mgongo umeshatokea. Halafu anashika kisu, mara nyingi kipande cha chuma kilichonolewa upya, mpini wake umefungwa mpira wa baiskeli. Kwa kisu hupata pua, mikunjo ya shingo, na mstari wa mdomo unaompa kiboko ule uso wa mtu aliyeshiba. Macho hutobolewa kwa ncha ya msumari. Tupa husawazisha tumbo. Mpaka hapo kazi ni ya mwanamume, kwa kawaida.

Kinachofuata ni kazi ya mwanamke. Kiboko huingizwa kwenye karai la maji na kusuguliwa kwa msasa, kwanza ule mkali, kisha wa kati, kisha ule laini unaofanana na karatasi. Maji hugeuka maziwa. Vidole hukunjamana na kucha huisha. Mikwaruzo ya tupa ikitoweka, kiboko huanikwa juani, hupakwa nta, hupigwa kitambaa, na hapo rangi ambayo ilikuwa imejificha hujitokeza: mishipa ya waridi mgongoni, doa la kahawia pajani. Bila msasa ule hakuna mnunuzi angegeuza shingo. Wanawake hao hao ndio waliobeba mawe kutoka machimboni, kichwani au mgongoni, wakipanda mteremko wenye utelezi. Katika mengi yaliyoandikwa juu ya wachongaji wa Kisii, msuguaji hutajwa kwa nadra. Mchongaji walau hupata neno "mchongaji".

Baadaye ikaja rangi. Mawe meupe, ambayo ni mengi na ya bei nafuu, yalichovywa kwenye rangi nyekundu, bluu au nyeusi, kisha twiga, pundamilia na majani yakachorwa juu yake kwa kukwaruza hadi weupe wa chini uonekane. Sahani na mabakuli ya namna hiyo ndiyo yaliyojaza masoko. Wapo wanaoyadharau. Mimi nayaona kama uchoraji halisi wa Kisii: mstari mmoja wa kisu, usiofutika, uliochorwa na mtu aliyeurudia mara elfu hadi mkono ukaacha kufikiri. Ubaya wake ni kwamba rangi huficha jiwe, na Tabaka bila jiwe lake ni duka kama duka lingine.

Wakati huohuo, kule kusini mwa Afrika, jambo tofauti kabisa lilikuwa likitendeka kwa mawe. Mwaka 1957 Frank McEwen, Mwingereza aliyekuwa ameishi Paris na kufahamiana na kina Picasso, alifungua jumba la taifa la sanaa Salisbury, mji unaoitwa leo Harare. Akakutana na watu kama Joram Mariga, ofisa wa kilimo wa Nyanga aliyeanza kuchonga mawe laini yaliyofukuliwa wakati wa kutengeneza barabara. McEwen aliwapa nafasi ya kuonyesha, akakataa kazi za kuigana, akaandika jina la kila mchongaji chini ya kila kazi. Mwaka 1971 mawe ya Wazimbabwe yalionyeshwa katika jumba la Rodin jijini Paris. Leo mkusanyaji wa sanaa Ulaya anaweza kukutajia Mukomberanwa, Munyaradzi na Takawira.

Je, mawe yao yalikuwa bora? Ni magumu zaidi, hilo ni kweli, na hung'aa. Je, mikono yao ilikuwa bora? Sidhani. Tofauti kubwa ilikuwa mlango. Harare palikuwa na jumba lenye mkurugenzi aliyetaka majina, na Kisii palikuwa na lori la dalali aliyetaka vipande 300 vinavyofanana kufikia Ijumaa. Ukimwagiza mtu viboko 300 wanaofanana umemwambia kwa lugha nyepesi kwamba jina lake halihitajiki. Mfumo wa Harare nao ulikuwa na kasoro zake, kwa maana mzungu mmoja ndiye aliyekuwa akiamua kipi ni sanaa na kipi sicho. Lakini uliacha kumbukumbu.

Nairobi haikukosa watu wenye fikra kama hizo. Elimo Njau, mchoraji aliyezaliwa Tanzania, alianzisha Paa ya Paa pamoja na wenzake mwaka 1965, akiwahimiza wasanii waache kuigana. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alijiuzulu mwaka 1966 na miaka michache baadaye akaungana na Mmarekani Alan Donovan kufungua African Heritage jijini. Murumbi alinunua kazi za Kiafrika kwa macho ya mtu anayekusanya vitabu: alitaka kujua kila kitu ni cha nani. Kati ya mikono aliyoithamini ulikuwa mkono mmoja kutoka Tabaka.

Elkana Ong'esa alizaliwa Tabaka mwaka 1944, katika familia ya wachongaji. Alianza pale walipoanza wengine wote, kwenye magamba, kando ya wazee. Tofauti ni kwamba alisoma. Alikwenda Makerere, chuo ambacho tangu enzi za mwalimu wa sanaa Margaret Trowell kilikuwa kimelea wasanii wa Afrika Mashariki, na baadaye McGill, Montreal. Angeweza kurudi akiwa msanii wa mjini anayelionea haya soko la kijiji. Alirudi Tabaka na jiwe lilelile, ila akaacha kulipima kwa ukubwa wa sanduku la mtalii. Akachonga makubwa, mengine marefu kuliko mtu, ambayo hayawezi kubebwa na mtalii yeyote na hivyo hayawezi kuitwa kumbukumbu ya safari.

Kazi iliyompa jina ni Ndege wa Amani, iliyowekwa katika makao makuu ya UNESCO, Paris, mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukiwa na Tabaka akilini, kazi hiyo haishangazi hata kidogo: ndege ni mmojawapo wa wanyama ambao jiwe la Kisii huwakubali, na Ong'esa hakulilazimisha jiwe lifanye lisiloweza. Alichukua kanuni ya kiboko wa kibandani, umbo lililofungwa, lenye uzito chini na mstari mmoja mrefu unaolizunguka, akaikuza hadi ikasimama mbele ya mabalozi. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaomweleza Ong'esa kana kwamba aliikimbia sanaa ya kibiashara. Mtu hukimbia anachokichukia. Yeye aliichukua kama sarufi.

Murumbi alifariki mwaka 1990 na kuzikwa pembeni mwa City Park, Nairobi, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto. Kaburi lake baadaye lilizungukwa na bustani ya sanamu za wasanii aliowapenda, na mojawapo ni ya Ong'esa: ndege wa amani anayechomoza kutoka jiwe la kukata tamaa. Mkazi wa Nairobi asiyeweza kufika Paris anaweza kupanda matatu ya kwenda Parklands akaitazama.

Mwaka 2014 Ong'esa alikuwa Washington. Tamasha la Smithsonian la mila na sanaa lilizialika nchi mbili mwaka huo, China na Kenya, na kwa siku kadhaa mzee wa Tabaka alichonga tembo hadharani, kwenye uwanja mpana ulio kati ya majengo ya serikali ya Marekani, watoto wakimzunguka. Wiki chache kabla ya hapo, mwishoni mwa Mei, majangili walikuwa wamemuua Satao kwa mshale wa sumu huko Tsavo, mmoja wa tembo wenye pembe ndefu kuliko wote waliokuwa hai. Pembe zake zilikatwa, uso ukaharibiwa hivi kwamba ilichukua muda kuthibitisha kuwa ni yeye. Ikiwa kuna mwaka ambao tembo wa jiwe alihitaji kuchongwa mbele ya watu wa nje, ni mwaka huo.

Baada ya Ong'esa mlango haukufungwa. Gerard Motondi, mwana mwingine wa Kisii, alishindana na wachongaji wa dunia nzima, na kazi yake ya wanariadha wanaoruka kiunzi cha maji ikachaguliwa kuwa miongoni mwa sanamu za Olimpiki ya Beijing ya 2008. Chaguo la mada halikuwa la bahati nasibu. Mbio za kuruka viunzi na maji zilikuwa mali ya Kenya tangu Mexico 1968, na katika michezo hiyohiyo ya Mexico Naftali Temu, kijana wa Nyamira, aliiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza, ya mita 10,000. Nyamira haina mawe ya sabuni, lakini tukihesabu waliobeba jina la Gusii nje, imelipa deni lake. Motondi alijitahidi pia kuwaleta wachongaji wa nchi nyingine wafanye kazi Tabaka, kando ya machimbo, badala ya jiwe kwenda kwao.

Majina mawili, basi, au matano ukimwongeza huyu na yule. Tabaka ina wachongaji, wachimbaji na wasuguaji kwa maelfu.

Maisha ya hao maelfu yamefuata wimbi la utalii kwa karibu kuliko ya mhudumu yeyote wa hoteli. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipozuka, wageni waliondoka na maagizo yakafutwa. Wakarudi, kisha likaja shambulio la Westgate, Septemba 2013. Mwaka 2020 korona ikafunga viwanja vya ndege na vibanda vya Nairobi na Mombasa vikafungwa kwa miezi. Huko Tabaka mawe yaliyokwisha kuchongwa yalirundikwa kwenye pembe za nyumba, na watu wakarudi mashambani, kwa aliyekuwa na shamba. Vikundi vya biashara ya haki vimesaidia baadhi ya familia kupata bei iliyo wazi na malipo ya awali, lakini sehemu kubwa ya kazi bado hupitia kwa dalali, naye dalali hununua kwa pipa na kuuza kwa kipande.

Machimbo nayo yanazidi kwenda chini. Mengi yako kwenye ardhi ya watu binafsi, na mchimbaji humlipa mwenye shamba. Kazi ni ya mtaimbo, sururu na nguvu za mwili, na ukuta wa shimo husimamishwa na matumaini tu. Mvua za masika zikilowesha udongo wa juu, kuta huanguka, na watu wamezikwa humo. Juu ya ardhi kuna vumbi: jeupe, jepesi, lenye kukaa kwenye nyusi na kwenye mapafu. Barakoa ni chache, na anayefanya kazi kwa hesabu ya vipande hana subira nayo. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo kwa mara ya kwanza kwa njia ya maana. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria nyingine, ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kimila, inayoipa jamii haki juu ya kile ilichokibuni. Wakenya walikuwa wamekwisha kuonja uchungu wa jambo hilo karibu na mwaka 2007, kampuni ya Uingereza ilipojaribu kusajili jina la kikoi kuwa mali yake ya biashara, na wenyewe wakalazimika kulipinga.

Sheria hizo mbili zinaweza kumsaidia mtu wa Tabaka kuhusu shimo analochimba na jina la Kisii lililo kwenye bidhaa. Jina lake mwenyewe hakuna sheria itakayoliandika kwa niaba yake. Kaunti inaweza kusaidia kwa hatua ndogo kuliko zote: jumba moja la maonyesho pale Tabaka, lenye kazi bora za kila familia, tarehe na jina la aliyechonga na la aliyesugua. Harare nako walianza na jumba na majina.

Wewe msomaji huhitaji kusubiri kaunti. Ukinunua kiboko au tembo wa jiwe, mgeuze umtazame chini. Mara nyingi utakuta pamekwaruzwa neno moja, KENYA. Ukiwa Tabaka au mahali popote ambapo mchongaji mwenyewe yuko, muulize anaitwa nani, na mwombe aliandike jina hilo hapo chini kwa kisu chake kabla nta haijapakwa. Halitakugharimu chochote, na hatakudai.